Toka Hata Jua Likiwaka

Mukuru kwa Reuben,
Nairobi.
8 Machi 1981

Mama mpendwa,

Zipokee salamu hizi kutoka kwa mtu ambaye sura yake umeiona kwenye picha tu. Mguu wako unaendeleaje? Baba je, kikohozi kimepungua? Natumaini na mbuzi nao wako salama. Huku sisi ni wazima, na kama tuna ugonjwa, basi ni ule wa furaha, nao sitaki upone.

Mimi ndiye Nduta, mke wa Matheka. Leo ni siku ya ishirini na mbili tangu harusi, na usinicheke kwa kuhesabu. Matheka ameniambia kwamba kwenu mama huitwa Mwaitu, lakini ulimi wangu wa Murang'a bado unajikwaa, nawe Kikuyu hukijui, kwa hivyo nimeona tukutane katika Kiswahili. Ameniambia pia kwamba umesoma darasa la gumbaru, lile la watu wazima, na kwamba barua zake unazijibu kwa mkono wako mwenyewe. Nilipoziona zile herufi zako zilizosimama wima kama askari, nilisema huyu mama lazima nimwandikie.

Jambo la kwanza ninalotaka kukwambia ni asante. Mwanao umemlea. Akitoka Mombasa na lori, huliacha kwa tajiri wake, kisha huja kwa miguu. Akifika mlangoni huvua viatu na kuvibeba mkononi, na sakafu yetu ni ya udongo tu, Mama. Jirani yetu Mzee Mbuthia, fundi wa viatu, humwambia, "Kijana, vaa viatu, unaniharibia kazi." Matheka humjibu kwamba ameoa, na sakafu imeoga.

Chumba chetu ni cha mbao na mabati, cha mwisho kabisa upande wa chini, hatua kumi na tano kutoka mtoni. Tulionyeshwa viwili, kimoja huko juu karibu na barabara na hiki. Nilikichagua hiki kabla mwenye nyumba hajamaliza kusema. Kwetu mwenye shamba la mtoni ndiye aliyebarikiwa, maana huko ndiko nduma, yaani magimbi, hukubali. Mto huu wa Ngong si kama yetu, kuna siku hupita mwekundu na siku hupita samawati kwa ajili ya viwanda, nao hunuka sabuni. Lakini udongo wa ukingoni ni mweusi na laini. Nimekwisha panda miche kumi na miwili.

Mvua nayo imeanza kunukia. Baada ya mwaka jana, tulivyopanga foleni ya unga tangu alfajiri, ni nani atakayeichukia? Ikipiga mabati hatusikilizani, basi tunakaa tukitazamana na kucheka. Nafikiri Mungu ametupenda kupita kiasi.

Niandikie, Mama. Niambie Matheka alikuwa mtoto wa namna gani, nipate kumtania.

Mkaza mwanao,
Nduta


Ng'ambo ya Tiva,
Kitui.
19 Machi 1981

Mwanangu Nduta,

Salamu. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, Baba asikie. Alicheka aliposikia habari ya viatu. Mguu haujambo. Kikohozi cha Baba kinakuja na kwenda kama mgeni asiye na kazi. Mbuzi wamezaa.

Ulitaka kujua habari za Matheka. Alikuwa mtoto wa kulia akinyimwa maziwa na wa kucheka akipewa kiboko. Alikataa kutembea mpaka miaka miwili, sasa ona anavyotembea, Nairobi mpaka Mombasa. Mtanie hivyo.

Nakushukuru kwa kunipenda bila kuniona. Lakini sasa nitasema neno ambalo halifai kwa bibi arusi, unisamehe. Hicho chumba sikipendi. Hatua kumi na tano ni kidogo.

Wewe umekua juu ya kilima, mto uko chini huko bondeni na umekaa kimya mwaka mzima. Huo ni mto wa kufugwa. Huku kwetu mto Tiva ni mchanga mtupu. Unavuka kwa miguu, mbuzi wanalala humo. Kisha siku moja mvua inanyesha milimani, mbali, wewe huioni. Juu yako kuna jua. Maji yanakuja yamesimama kama ukuta. Mtu anayetazama mawingu ya juu ya kichwa chake amekwisha potea.

Mto wako unatoka milima ya Ngong, mwalimu wetu wa gumbaru amenionyesha kwenye ramani. Kila asubuhi tazama huko. Ukiona milima imemezwa na wingu jeusi, tazama maji. Yakileta majani mabichi na vijiti, yakinuka udongo badala ya sabuni, toka. Usingoje mvua ikuguse. Toka hata jua likiwaka. Nenda kwa Ndambuki, mtoto wa ndugu yake Baba, yuko Umoja.

Usiseme mama mkwe ana woga. Nina sababu.

Mama yako,
Syombua


Mukuru kwa Reuben,
Nairobi.
2 Aprili 1981

Mama mpendwa,

Hujambo wewe na Baba? Na wale wana-mbuzi, wameanza kuruka? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo nao nitakueleza.

Nilikutii, Mama. Kila asubuhi nilipotoka kuchota maji nilitazama milima. Jumamosi iliyopita haikuonekana, wingu lilikuwa jeusi kama sufuria. Mto ulikuwa umepanda kidogo na umeleta majani. Matheka alikuwa safarini, amelala Voi. Nikakunja godoro, nikalibeba kichwani mchana kweupe, nikapita mbele ya watu wote. Mzee Mbuthia akauliza, "Bibi arusi, unahama?" Nikamjibu, "Maji yanakuja." Alitazama juu, akatazama chini, akasema, "Yanakuja na gari gani?"

Nikafika Umoja. Ndambuki na mkewe Teresiah walinipokea vizuri, wakanipa chai, lakini niliona wanavyotazamana. Nikalala huko siku mbili. Jumatatu nikarudi na godoro langu. Mto ulikuwa umegusa nduma mbili za mbele, basi. Ukarudi mahali pake kama mtu aliyekuja kusalimu tu.

Tangu siku hiyo jina langu ni Mama Nuhu. Nikienda dukani, "Mama Nuhu, safina imetia nanga?" Nikinunua mayai mawili, "Ni ya wanyama wawili wawili?" Hata Asenath, jirani yangu wa mlango kwa mlango, mama mpole wa Vihiga anayeniazima pasi, alijificha nyuma ya kanga akicheka.

Hayo ningeyavumilia. Lakini shangazi wa Matheka anayekaa Makadara alisikia, naye hakusikia habari ya mto. Alisikia kwamba bibi arusi wa siku arobaini na mbili amefunga mlango, amebeba godoro, amekwenda kulala kwingine mume akiwa safarini. Matheka aliposhuka kwenye lori, maneno yalimfikia kabla yangu. Hakunipiga wala hakupaza sauti, si mtu wa hivyo. Aliketi tu akiwa amevaa viatu. Akasema, "Nduta, ungeningoja." Usiku alilala ameutazama ukuta. Nilitamani mto ungekuja kweli unichukue.

Sasa tumepatana. Ameniletea korosho na kanga iliyoandikwa maneno ya mapenzi ambayo naona haya kukuandikia. Lakini nimemwahidi sitaondoka tena nyumbani kwangu bila yeye kuwepo. Usikasirike, Mama. Mimi ni mgeni katika ukoo wenu, na jina la mwanamke mgeni huharibika upesi.

Nakushukuru kwa kunihangaikia. Ni mama wangapi wa waume wangejali?

Mkaza mwanao,
Nduta


Ng'ambo ya Tiva,
Kitui.
11 Aprili 1981

Mwanangu Nduta,

Salamu kwako na kwa mume wako. Sisi tunapumua. Leo sitaeleza habari za mbuzi.

Sikukasirika. Nimeona vibaya tu kwamba nilikupa amri bila kukupa sababu. Sababu ni hii.

Mwaka wa 1961 kulikuwa na njaa ambayo sisi tunaiita ya ndege, kwa sababu chakula kilidondoshwa kutoka angani. Matheka alikuwa mgongoni. Mito ilikauka mpaka tukawa tunachimba mchanga kwa urefu wa mtu ndipo tupate maji. Mimi na mdogo wangu Kalekye tulikwenda pamoja siku zote. Yeye alikuwa ameolewa mwaka huo huo.

Siku moja jua lilikuwa kali. Tulikuwa wanawake tisa mtoni. Tukasikia mlio kama malori mengi yanapanda kilima. Mama mmoja mzee akasema, tokeni. Wote tukatoka, na Kalekye akatoka. Alikuwa amesimama kando yangu, Nduta, juu, mahali pakavu. Kisha akasema, "Debe." Alikuwa ameacha debe ndani ya shimo. Halikuwa lake. Aliliazima kwa mama mkwe wake, na huyo mama alikuwa na mdomo. Kalekye akashuka kulichukua. Nilimwita. Alinijibu, "Ataniambia nini?" Hilo ndilo neno lake la mwisho. Tulimpata siku ya tatu.

Watu walisema Kalekye ameuawa na maji. Mimi nasema aliuawa na maneno ambayo yule mama alikuwa bado hajayasema.

Kwa hivyo sikia. Mimi pia ni mama mkwe. Hii barua ni ruhusa yangu. Mtu yeyote akikuuliza kwa nini umetoka nyumbani kwa mumeo, shangazi wa Makadara au nani, mwambie umetumwa na Syombua, mama yake Matheka, na mwonyeshe mkono wangu. Mumeo naye nimemwandikia barua yake, na haina korosho.

Toka mara kumi bure. Rudi mara kumi ukichekwa. Kicheko hakiui. Na ukitoka usichukue godoro, wala sufuria, wala pasi ya jirani. Chukua miguu yako.

Mama yako,
Syombua


Ng'ambo ya Tiva,
Kitui.
30 Aprili 1981

Mwanangu Nduta,

Salamu. Sijapata jibu lako, na la Matheka sijalipata. Redio ya mwalimu ilisema juma lililopita mito ya Nairobi imefurika na watu wa mabondeni wamepata hasara. Haikutaja Mukuru. Nilingoja itaje, ikaingia habari za mpira.

Naenda shuleni kila siku kuuliza kama kuna barua. Mwalimu sasa akiniona anatikisa kichwa kutoka mbali, ili nisimalize kupanda kilima.

Hata mstari mmoja, mwanangu. Hata na makosa.

Mama,
Syombua


Umoja,
Nairobi.
4 Mei 1981

Mwaitu,

Niko hai. Nimeliandika hilo kabla ya salamu, unisamehe. Matheka ni mzima, mimi ni mzima, tuko Umoja kwa Ndambuki. Nilikuwa na homa siku nane, na karatasi na kalamu vilikwenda na maji. Matheka yeye alipokaa kuandika, aliandika "Mama mpendwa" kisha akashindwa. Barua zetu huenda zikapishana njiani.

Barua yako ya Kalekye iliingia mkononi mwangu Alhamisi, kesho yake Ijumaa Kuu. Niliisoma nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa aproni. Sikulia. Niliona aibu kubwa kwamba nilikuandikia habari za jina langu na za Mama Nuhu.

Jumanne baada ya Pasaka Matheka alikuwa Mombasa. Kulikucha vizuri. Jua lilikuwa la kuanikia nguo, na akina mama wote walishuka mtoni na makarai, Asenath pamoja nao na mtoto wake wa mwisho mgongoni. Mimi nilikuwa mlangoni nikimenya viazi. Milima ya Ngong haikuwepo. Pale inapokaa palikuwa peusi tu, kama mtu aliyefunga dirisha.

Kama saa tano hivi upepo uligeuka, nikasikia harufu ya shamba. Harufu ya udongo uliolimwa asubuhi, Mama, pale Mukuru, mahali ambapo hunuka sabuni na rangi ya nguo. Nikatazama mto. Haukuwa umepanda hata kidogo. Lakini ulikuwa wa kahawia, na majani ya mkaratusi yalikuwa yakipita, mabichi, moja moja, kisha mengi.

Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe uliniambia wako. Sikukimbia. Nilisimama pale na kisu mkononi. Maji sikuyaogopa, niliogopa Mzee Mbuthia. Alikuwa ameketi mbele ya kibanda chake akigonga soli, nami nilijua nikisema neno moja atasema nini, na wote watacheka vipi. Nilisimama muda wa kumenya kiazi kizima. Kisha nikamsikia Kalekye akiuliza, "Ataniambia nini?" Nikaweka kisu chini.

Nikashuka. "Asenath, tokeni wote, maji yanakuja."

"Na jua hili? Nduta, nguo zangu ziko katikati ya sabuni."

Mzee Mbuthia akaita kutoka juu, "Mama Nuhu ameanza mahubiri, leteni sadaka."

Wakacheka. Basi mimi sikubishana. Nilitoa barua yako mfukoni nikaisoma kwa sauti, nikiwa nimesimama kwenye matope, tangu pale uliposema jua lilikuwa kali mpaka pale uliposema mlimpata siku ya tatu. Nilipofika kwenye debe hakuna aliyekuwa akifua.

Kulikuwa na mama mmoja anayeitwa Halimo, Msomali wa Garissa anayetuuzia maziwa. Alikuwa akipita na mtungi wake. Akaweka mtungi chini, akainama, akachukua jani la mkaratusi kutoka majini na kulinusa. Akasema, "Huyo mama wa barua anajua. Kwetu mto mkavu tunauita laga, na laga haibishi hodi." Kisha akamtoa mtoto wa Asenath mgongoni mwa mama yake bila kuuliza, akaanza kupanda. Mwenye mtoto angefanya nini? Alifuata mtoto. Wengine wakamfuata Asenath. Wapo waliobeba makarai, nami sikuwa na nguvu za kuwakataza.

Tulipita milangoni tukigonga. Mzee Mbuthia alikataa. Alisema amekaa pale miaka sita na mto haujawahi kumjua jina. Tulikuwa tumefika kwenye tuta la reli tuliposikia yale malori yako, Mama. Wewe ulisema malori mengi yanapanda kilima. Ndivyo hasa. Ndipo Mzee Mbuthia alipotoka mbio na gunia begani, akafika kwetu, akalitua. Lilikuwa gunia la viatu vya wateja. Akahesabu kwa macho, akasema, "Kuna jingine," akageuka.

Nikapiga kelele, "Mzee, ni debe hilo." Alikuwa ameisikia barua, alijua nasema nini. Akasimama, akasema, "Ni vya watu, wataniambia nini?" Neno lile lile, Mama, nakuapia. Akaanza kushuka. Halimo akamshika koti kwa nyuma, akavuta kama mtu anayevuta ngamia. Mkono mzima wa koti ukang'oka na Mzee akaketi chini kwa makalio. Kabla hajainuka, kibanda chake kilipita mbele yetu kikiwa kimesimama wima, na kibao cha "Fundi Viatu" bado kikining'inia. Nyumba yetu ilikuwa nyuma yake. Niliona pazia langu.

Katika safu yetu hakupotea mtu. Huko chini ya daraja hawakubahatika wote, na kila nikisema asante nawakumbuka.

Matheka alirudi Alhamisi. Hakuna aliyemwambia njiani. Alikwenda mtoni moja kwa moja, akakuta nguzo moja ya mlango wetu. Hapo hapo alipokuwa akivulia viatu. Asenath alimkuta ameshika ile nguzo, akamleta Umoja akimwongoza kama kipofu. Aliponiona aliketi sakafuni. Aliweka kichwa mapajani mwangu, mbele ya Ndambuki, mbele ya Teresiah, akalia mpaka kanga ikalowa. Kisha akasema, "Nilikununia kwa jambo ambalo ningepaswa kukupigia magoti." Teresiah alitoka nje kupangusa macho. Mama, mimi sina kitanda wala kijiko, na sijawahi kuwa tajiri namna hii.

Mzee Mbuthia sasa hunivulia kofia. Koti lake la mkono mmoja amekataa kulishona. Anasema hicho ndicho cheti chake cha kuzaliwa.

Jambo moja tu linanitia wasiwasi. Jana Matheka alisema wenzetu wameanza kusimamisha nguzo pale pale. Kodi ni ndogo, ni karibu na kazi, na maji kama yale, anasema, huja mara moja katika miaka ishirini. Yamekwisha kuja, sasa tuna miaka kumi na tisa ya kulala. Anasema kwa roho safi, anataka kunijengea. Yeye hakuyaona yakija. Aliyaona yameondoka.

Nakushukuru. Ningeandika neno hilo mpaka karatasi iishe, lakini karatasi ni ya Teresiah.

Mwanao,
Nduta


Ng'ambo ya Tiva,
Kitui.
16 Mei 1981

Mwanangu Nduta,

Mwalimu alinipungia barua yako kutoka mbali na mimi nikakimbia na mguu huu. Baba alinikuta nimeketi njiani. Alifikiri nimeanguka.

Mungu asifiwe. Halimo mpe mkono wangu. Kalekye nimemweleza. Nilikwenda peke yangu mpaka ukingo wa Tiva, nikamwambia kwamba watu wametoka. Sikumbuki kama niliwahi kumpelekea habari njema hata moja.

Kuhusu Matheka. Mwaka ule maji yalipokwisha, watu wa hapa walisema hivyo hivyo. Yamekuja, yameshiba, hayarudi. Tulipanda tena mchangani. Miezi sita haikuisha yakarudi, na mwaka uliofuata tena. Mto hausomi kalenda.

Lakini usimwambie hayo. Nimemlea, namjua. Akiambiwa, anatafuta jibu. Na mimi sitamwandikia amri, maana akiitii atakuwa amenitii mimi, na siku nikifa atarudi kujenga pale. Mvua bado haijaisha. Siku milima ikipotea, mshike mkono mpeleke juu ya hilo tuta la reli. Msimame tu. Usiseme neno. Wewe umeanza kuujua mto kwa pua yako, mwache naye aujue kwa macho yake.

Baba anakusalimu. Amesema wewe si mkaza mwana tena, ni binti. Nami nilikwisha sema zamani, ila hakunisikia.

Mama yako,
Syombua


Umoja,
Nairobi.
29 Mei 1981

Mwaitu,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba, na asante kwa kuniita binti. Niliposoma hapo niliiweka barua kifuani nikazunguka chumba kama mwenda wazimu. Hujambo sana? Mguu umepona mbio zile?

Nilifanya ulivyosema. Jumapili iliyopita baada ya kanisa milima haikuonekana. Nikamwambia Matheka, "Twende tutembee," naye akafurahi, akavaa tai. Tukaenda mpaka kwenye tuta tukasimama kama watu waliokuja kupigwa picha. Jua lilikuwa linawaka. Aliniuliza mara mbili tunangoja nini, nikamshika mkono tu. Majani yakaanza kupita. Mama, hayakuwa maji makubwa kama yale ya kwanza, hata nusu hayakufika. Lakini alisikia ule mlio. Aliona nguzo mpya za watu zikiinama moja moja, taratibu, kama zinasujudu. Watu walikuwa wamekwisha kutoka, Halimo alipita akiwaambia. Aliifungua tai, akaitia mfukoni, tukarudi nyumbani. Hapo akamwambia Ndambuki, "Kile chumba unachoongeza nyuma, usimpe mtu."

Humo ndimo ninamokuandikia. Ni cha mawe, kina dirisha moja, na saruji bado mbichi. Matheka amevua viatu hata kabla sakafu haijakauka, kwa hivyo nyayo zake zimebaki pale mlangoni na nimekataa zisizibwe. Asubuhi nikifungua dirisha naiona milima ya Ngong, midogo, ya samawati. Namwombea kila mtu aliyewahi kunipenda, nikianza na wewe.

Asenath amerudi mtoni. Mzee Mbuthia pia. Nilimuuliza Asenath kwa nini, akaniambia, "Nduta, wewe una Ndambuki." Tangu siku hiyo sijasema neno baya juu ya mtu anayejenga pale. Nilichofanya ni kumwahidi kwamba nikiiona milima imepotea, nitashuka kumwambia. Ni mwendo wa saa moja kwa miguu, na maji hayafiki mpaka karibu na adhuhuri. Nimekwisha shuka mara tatu. Mara mbili ilikuwa bure. Waliondoka, wakarudi, na hakuna aliyenitania, ila Mzee Mbuthia aliyeniuliza kama nimekuja kwa ajili ya mto au nimekosa chai kwangu.

Nilitaka kukueleza jinsi Matheka anavyojifunza kupika nduma, na neno lingine la siri ambalo daktari ataniambia wiki ijayo kama ni kweli. Lakini nimeinua macho sasa hivi na dirisha halina milima, Mama. Hapa jua ni kali, na leo ni siku ambayo Asenath hufua.

Nashuka.

Binti yako,
Nduta